Nyota Pacha Juu ya Ilula: Namna ya Kuifuatilia kwa Macho, Dishi na Kaunta Buku

Mwanzoni mwa Julai, saa 3 usiku, mtu akisimama uani Ilula, mkoani Iringa, na kuinua uso moja kwa moja juu, anatazama kundi la nyota la Mizani. Barabarani malori ya nyanya na vitunguu yanapunguza mwendo kabla ya kuteremka Kitonga, kipupwe kinauma masikioni, na anga la Kilolo halina wingu. Katika kundi hilo imo nyota hafifu iitwayo Delta Librae. Ilula iko karibu nyuzi 7.7 kusini mwa ikweta, na nyota hii iko nyuzi 8.5 kusini mwa ikweta ya anga, kwa hiyo inapopita haikosi utosi wa mji kwa zaidi ya nyuzi moja.

Kila baada ya siku 2, saa 7 na dakika 51, nyota hiyo hufifia. Mwanga wake hushuka hadi kama sehemu mbili kwa tano, kisha hurudi taratibu kama hakuna kilichotokea. Sababu ni kwamba si nyota moja. Ni nyota mbili zinazozungukana kwa ukaribu mkubwa, umbali wa takribani miaka ya nuru 300 kutoka hapa, na ile yenye joto dogo hupita mbele ya mwenzake anayeng'aa na kumfunika. Ni kupatwa kama kwa jua, ila huku hutokea mara tatu karibu kila wiki.

Delta Librae ina sifa nyingine isiyoonekana kwa macho. Kati ya mwaka 1995 na 2000, wanasayansi wa Green Bank, Marekani, walitumia darubini za redio zilizounganishwa kupima nyota pacha nne mfululizo: Algol, V711 Tauri, UX Arietis na hii yetu ya Mizani. Walisikiliza kwenye masafa mawili, yaani karibu gigahetsi 2.3 na 8.3, miezi kwa miezi, nyota ikiwa imetulia na nyota ikiwa inalipuka. Vipimo hivyo vilipokusanywa, Algol ilionyesha kwamba vipindi vyake vya milipuko ya redio hujirudia kila baada ya siku 49 hivi, na V711 Tauri kila baada ya siku 121 hivi. Ndani ya siku kumi, au hata ndani ya mwezi, hakuna ambaye angeliona jambo hilo. Delta Librae kwa upande wake ilibaki kimya sana, bila milipuko ya kulinganishwa na ya wenzake.

Ukimya huo uliandikwa pia. Msomaji anayetaka kuanza ufuatiliaji wa muda mrefu ashike jambo hili kabla hajanunua hata waya: usiku ambao hakuna kilichotokea unastahili mstari wake katika daftari sawasawa na usiku wa mlipuko.

Mfano wa wazi kuliko yote ulianzia pwani yetu ya Afrika Mashariki. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, roketi ya Scout iliruka kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya Marekani, ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei za angani. Marjorie Townsend, msimamizi wa mradi, aliipa jina Uhuru kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji. Uhuru ndiyo iliyoonyesha kwamba vitu kama Centaurus X-3 na Hercules X-1 ni nyota nutroni zinazozungukana na nyota za kawaida. Riccardo Giacconi, aliyeongoza timu ya kisayansi, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Machi na Aprili 1971, Uhuru iliona eksirei laini za Cygnus X-1 zikipungua kwa kiasi kikubwa. Katika majira hayohayo darubini za redio za Uholanzi na Marekani zilianza kupokea mawimbi kutoka eneo hilo, mahali ambapo vipimo vya awali havikupata kitu. Vifaa vya eksirei vya wakati ule havikuweza kuonyesha nyota gani hasa inahusika, kwa kuwa eneo vililolionyesha lilikuwa pana mno. Redio iliweza. Ikaelekeza kwenye nyota ya buluu iitwayo HDE 226868, na walioipima kwa mwanga wakakuta inazungukana kila siku 5.6 na mwenzake asiyeonekana, mzito kiasi kwamba leo anahesabiwa kuwa shimo jeusi. Ushahidi huo wote uliegemea neno moja lililoandikwa kabla: hakuna. Asingekuwapo mtu aliyetazama mapema na kuandika kwamba redio haikusikika, nani angejua kwamba mawimbi ya 1971 yalikuwa mapya?

Sasa kazi yenyewe.

Ni kosa kuanza na antena. Anza na macho, maana macho hufundisha nidhamu ya kulinganisha, nayo ndiyo msingi wa vipimo vya redio pia. Kuanzia Mei hadi Agosti, jioni, tafuta kwanza Nge, kundi lenye mkia uliopinda na nyota nyekundu kifuani. Mbele ya makucha yake, upande wa magharibi, zimo nyota mbili za Mizani zinazong'aa karibu sawa: Alpha Librae upande wa kusini na Beta Librae upande wa kaskazini. Kutoka Beta sogea magharibi nyuzi 4, upana usiofikia vidole vitatu ukiwa umenyoosha mkono. Hapo ndipo Delta ilipo. Mwezi ukiwa mkubwa, au taa za dukani zikiwa karibu, tumia darubini ya macho mawili. Hata ya 7×50 ya zamani inatosha kabisa.

Wanaastronomia hupima mwangaza kwa madaraja ambayo namba yake hupanda kadiri nyota inavyofifia. Delta katika hali ya kawaida iko daraja la 4.9, katikati ya kupatwa hufika 5.9. Ili kuikadiria unahitaji nyota za kulinganishia zisizobadilika sana, na jirani zake zinatosha: 16 Librae, nyuzi 4 kaskazini, ni 4.5, Epsilon Librae ni 4.9, Xi-2, nyuzi 3 kusini, ni 5.5, na Xi-1 jirani yake ni 5.8. Ziruhusu mboni nusu saa kuzoea giza. Tochi ifungwe kitambaa chekundu. Kisha jiulize swali dogo: Delta inang'aa kuliko ipi, na imezidiwa na ipi? Ikiwa iko katikati ya Epsilon na Xi-2, andika 5.2. Usiangalie makadirio ya jana kabla hujaandika ya leo, kwa sababu jicho hupenda kukubaliana na karatasi.

Kaunta buku ni bora kuliko simu kwa kazi hii. Haliishiwi chaji, na halina mwanga wa kuharibu macho. Kila mstari uwe na tarehe, saa, hali ya anga, mwezi upo au haupo, nyota zilizolinganishwa, makadirio, na jina la aliyetazama. Kuhusu saa, chagua mfumo mmoja na uuandike kwenye jalada. Saa 3 usiku ya Ilula ni saa 21:00 ya Afrika Mashariki, nayo ni 18:00 kwa saa ya dunia ambayo wanaastronomia wote hutumia. Daftari linalochanganya saa tatu ya Kiswahili na saa tatu ya simu litapotosha mizunguko yote kwa saa sita.

Kuna kanuni rahisi itakayomfaa anayeanza. Mizunguko mitatu ya Delta Librae ni siku 6, saa 23 na dakika 34, yaani wiki moja kasoro dakika 26. Ukiiona iko chini kabisa Jumanne saa 4:00 usiku, Jumanne inayofuata tegemea saa 3:34, na ile ya tatu saa 3:08. Baada ya wiki kadhaa kupatwa huko kunasogea hadi machweo na kupotea, ila wakati huo siku nyingine ya juma itakuwa imechukua zamu. Klabu ya shule inayokutana usiku mmoja kwa wiki inaweza kujipangia msimu mzima kwa kanuni hii peke yake.

Anayetaka kwenda mbali zaidi akunje data zake. Chukua siku zilizopita tangu kupatwa ulikokushuhudia, gawanya kwa 2.3273, tupa namba nzima, baki na desimali. Siku 20 zikigawanywa hutoa 8.594, maana yake nyota imemaliza mizunguko minane na imefika 0.59 ya ule wa tisa. Chora grafu yenye desimali hiyo chini na mwangaza pembeni. Makadirio ya miezi mitatu, yaliyotawanyika kwenye kurasa ishirini na kuonekana hayana mpango, yatajipanga yenyewe na kuchora bonde moja lenye kina. Ni furaha ambayo maelezo hayawezi kuitoa, na inafaa kila mwanafunzi aipate kwa mkono wake mwenyewe, kwa penseli na karatasi ya grafu, kabla ya kuonyeshwa kwenye kompyuta. Dosari moja ya kukumbuka: Dunia ikizunguka jua, mwanga wa nyota hii hutufikia hadi dakika 8 mapema au kuchelewa kulingana na mwezi. Kwa makadirio ya macho hilo halisumbui. Kwa kamera litasumbua.

Makadirio yakishafika mia moja, yatume AAVSO, chama cha Marekani cha waangalizi wa nyota badilifu kilichoanzishwa mwaka 1911. Kinapokea kazi ya mtu yeyote kutoka nchi yoyote, na longitudo ya Iringa ina thamani yake: Delta inapokuwa utosini Ilula, Amerika bado ni mchana.

Kisha redio. Hapa ukweli usemwe mapema ili mtu asipoteze fedha. Nguvu ya mawimbi kutoka angani hupimwa kwa kipimo kiitwacho jansky, kwa jina la Karl Jansky aliyegundua redio ya Njia ya Maziwa katika miaka ya 1930. Algol ikilipuka vikali hupita jansky 1. Jua lililotulia, kwenye masafa ya dishi la televisheni, hutoa zaidi ya jansky milioni 2. Hakuna dishi la nyumbani litakaloisikia Algol, sembuse Delta Librae. Linaloweza kufanywa Ilula ni kujifunza ufuatiliaji wenyewe kwa chanzo chenye nguvu, kisha kusoma vipimo vya nyota pacha vilivyofanywa na darubini kubwa ukiwa unaelewa maana yake.

Tena wengi mjini wamekwisha kukutana na redio ya jua bila kuitambua. Karibu na Machi 24, na tena karibu na Septemba 19, picha ya televisheni ya dishi hukatika dakika chache mchana, siku kadhaa mfululizo, hata kama anga ni jeupe. Wakati huo jua linapita nyuma kabisa ya setilaiti, na kelele yake ya redio inaifunika ile ya matangazo.

Chukua dishi la zamani la Azam lenye kichwa chake, kile ambacho mafundi hukiita LNB, na mita ndogo ya kutafutia setilaiti inayopiga kelele sindano ikipanda. Ligeuze dishi litoke kwenye setilaiti na kulielekea jua. Usitazame jua, tazama vivuli. Dishi la aina hii halitazami mbele yake moja kwa moja, hivyo lisogeze taratibu mpaka kivuli cha LNB kiangukie karibu na ukingo wake wa chini, na hapo mita itapanda. Dishi linalometameta kama kioo lipakwe rangi isiyong'aa kwanza, la sivyo joto litayeyusha plastiki ya LNB.

Sindano kupanda bado si kipimo. Kipimo kinahitaji vitu viwili vya kulinganishia, kama Delta inavyohitaji Epsilon na Xi-2. Kila mara, kabla ya jua, elekeza dishi kwenye anga tupu na uandike namba. Kisha lielekeze ardhini au ukutani uandike tena. Ardhi ina joto, nayo hutoa redio nyingi kuliko anga. Tofauti kati ya ardhi na anga ndiyo rula yako. Ikibadilika, kilichobadilika ni LNB, au betri, au kebo iliyoingia maji, si jua. Fanya hivyo kila siku saa ileile, jua likiwa juu, ambapo Ilula ni kama saa 6 na nusu mchana. Kanada wamepima redio ya jua kwenye gigahetsi 2.8 kila siku tangu mwaka 1947, na orodha yao inatumika hadi leo na wanaokadiria njia za setilaiti. Kwenye masafa ya dishi la televisheni mabadiliko ya jua ni madogo zaidi, hivyo usitegemee kuona madoa ya jua ndani ya wiki. Miezi sita ndiyo pa kuanzia.

Mwenye uwanja anaweza kuongeza antena ya waya ya kusikiliza Jupita na milipuko ya jua kwenye megahetsi 20.1, masafa yanayotumiwa na mradi wa elimu wa Radio JOVE ulioanzishwa chini ya NASA. Waya wa shaba wa mita 7.1, umekatwa katikati na kuunganishwa na kebo ya televisheni, ukining'inizwa mita 3 hadi 6 juu ya ardhi, unatosha. Nguzo si tatizo katika mkoa wa mianzi. Tatizo ni kipokezi: vingi vya bei ndogo vya kuchomeka kwenye kompyuta huanzia megahetsi 24, kwa hiyo muulize muuzaji kama chake kinashuka hadi 20 kabla ya kutoa fedha.

Adui wa redio ni umeme wa karibu. Inveta za sola, chaji za simu za bei rahisi, taa za LED, mashine za kuchomelea na plagi za bodaboda zote hutoa mikwaruzo. Zunguka kiwanja jioni na redio ndogo ya betri, ukiwa umeiweka kwenye AM mahali pasipo na stesheni, usikilize wapi mkwaruzo unapungua. Hapo ndipo pa kusimika mianzi. Mara nyingi mita mia moja kuelekea mashambani hubadilisha kila kitu. Chora ramani ya kelele hizo na uiweke kwenye ukurasa wa kwanza wa kaunta buku, kwa sababu mwaka ujao jirani atanunua inveta mpya, na bila ramani utadhani Jupita imepandwa na hasira.

Kwa nyota pacha zenyewe, data ya redio iko wazi kwa anayeitafuta, na kwa mtu wa kusini mwa ikweta hakuna mfano bora kuliko Circinus X-1. Iko nyuzi 57 kusini, na jioni za Julai huonekana mahali pake chini upande wa kusini, karibu na Alpha Centauri, ingawa kwa macho huwezi kuiona yenyewe. Ni nyota nutroni na mwenzake, zinazozungukana kila siku 16.6, na kila zinapokaribiana redio hulipuka. Kule Hartebeesthoek, Afrika Kusini, lipo dishi la mita 26 ambalo NASA ililijenga mwaka 1961 kwa ajili ya kuwasiliana na vyombo vya angani na ambalo baadaye likawa la wanaastronomia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 milipuko ya Circinus X-1 ilizidi jansky 1. Kisha ikafifia, na kwa miaka mingi ikabaki sehemu ndogo ya hapo. Wengine wangeondoa jina lake kwenye ratiba. George Nicolson wa Hartebeesthoek aliendelea, na mwaka 2007 ndiye aliyetangaza kwamba milipuko mikubwa imerudi. Mwaka 2013 uchunguzi wa eksirei na redio ulionyesha kwamba pacha hiyo bado imo ndani ya mabaki ya mlipuko uliozaa nyota nutroni yake, nao ulitokea chini ya miaka 5,000 iliyopita. Ni changa mno kwa kipimo cha nyota. Tangu 2018 Afrika Kusini ina MeerKAT, yenye madishi 64 katika Karoo, inayofuatilia pacha za aina hii.

Soma grafu za Hartebeesthoek ukiwa na daftari lako kando. Utaona madishi makubwa yanafanya kile ulichofanya kwa LNB na ukuta: chanzo, anga tupu, kilinganishi, saa.

Anayeendesha kazi hii shuleni apange watu kabla ya vifaa. Mtazamaji mmoja akihitimu kidato cha nne na kuondoka, mlolongo hukatika, na makadirio ya mgeni hayawi sawa na yake. Dawa ni watazamaji wawili wa zamu moja, mkubwa na mdogo, wakikadiria kila mmoja peke yake kwa miezi miwili hadi tofauti yao ijulikane. Kila mwisho wa mwezi kurasa zipigwe picha na nakala itunzwe nyumba nyingine, maana paa la bati na mvua ya Aprili havina huruma kwa karatasi.

Oktoba Mizani huzama mapema, na Novemba jua lenyewe limekaa upande huo. Delta haionekani, na mvua zinakaribia. Usifunge daftari. Waswahili waliita kundi la nyota Kilimia kwa sababu ya kulima, na lile kundi ndilo litakalokupeleka kwenye ukurasa mpya: Desemba, mawingu yakipasuka, tazama kaskazini, kushoto na chini ya Kilimia. Mwishoni mwa mwezi, saa 3 usiku, nyuzi 41 juu ya upeo, imo Algol. Jina lake ni la Kiarabu, kichwa cha zimwi, na kijana wa Uingereza aliyeeleza mwaka 1783 kwamba huenda kuna kitu kinachoifunika, John Goodricke, alikuwa kiziwi na hakufikisha miaka 22. Inashuka kutoka daraja la 2.1 hadi 3.4 kila baada ya siku 2, saa 20 na dakika 49, na huhitaji darubini kuliona hilo. Mawingu yakifunga usiku wote, andika tarehe, andika saa, andika: mawingu, haikuonekana.